Wachezaji tuna kura ngapi pale mkutano mkuu wa TFF, shirikisho letu la soka? Mghana alilipwa, mimi bado nadai

BekiTatu_Mstaafu

Wakuu habari za jioni. Mimi sio mwandishi kwa hiyo mtanivumilia. Nimecheza beki tatu misimu sita, minne daraja la kwanza na miwili ligi kuu, timu sitaitaja na msinifuate PM kunibembeleza. Goti ndo limenistaafisha.

Iko hivi. Msimu wangu wa mwisho timu iliyumba tukakaa miezi minne bila mshahara. Nilikuwa nakula laki saba kwa mwezi, ukijumlisha na ile nusu ya pesa ya usajili niliyoambiwa "tutakumalizia dirisha dogo" nadai milioni nne na laki nane. Kambini chumba kimoja tulilala wanne: mimi, kipa, winga mmoja wa Mwanza na straika Mghana. Wote tunadai. Ilikuwa ugali dagaa mpaka Mghana naye akajua kusonga.

Siku moja namkuta Mghana kapiga magoti dirishani, mkataba kautandaza sakafuni pale mwanga unapoingia, anaupiga picha na simu ukurasa mmoja mmoja. Unafanya nini? Akasema nawatumia chama chetu cha wachezaji nyumbani wao watanipelekea FIFA. Tulimcheka wakuu, winga akamwambia kaka FIFA hawaijui hata hii wilaya. Miezi ikapita, jamaa kasharudi kwao, tunasikia timu imefungiwa kusajili. Mwenyekiti aliyekuwa hapokei simu ya mtu sijui aliuza kiwanja sijui alikopa, Mghana akalipwa yote na riba juu, kifungo kikafunguliwa wakasajili wengine. Sisi watatu mpaka leo tunaambiwa tuwe wavumilivu mpira ni familia.

Deni moja, chumba kimoja, mkataba uleule hadi makosa ya tahajia yaleyale. Sasa nauliza wanaojua, hizi kanuni zilizombeba Mghana zikaniacha mimi zinatungwa na nani, na mchezaji anakaa wapi zikitungwa? Nikiri tu, misimu yote sita sikuwahi kulipa ada ya chama chochote cha wachezaji, hata kuuliza ofisi iko wapi sikuuliza.

Mzee wa Kaunta

Beki tatu mtaani si ndo dada wa kazi 😂😂 mabosi walikutimua baada ya kuunguza mboga au?

Mshika Kibendera

Mkuu pole kwa madai, ila hili la wachezaji kutaka kutunga kanuni ndo linaharibu mpira. Daktari atibu, mchezaji acheze. Ukianza kumpa straika kura kwenye mkutano mkuu kesho ataidhinisha na posho yake mwenyewe.

Mzee wa Kaunta

@Mshika Kibendera kwani wajumbe wa sasa posho zao anaidhinisha nani, malaika?

Wakili wa Mtaani

Mleta uzi ngoja nikupe jibu kavu halafu wengine watatia chumvi.

FIFA inasikiliza mgogoro wa mchezaji na klabu pale tu mchezaji anapokuwa mgeni kwenye nchi ya hiyo klabu. Mghana kwenye timu ya Tanzania anapita, Mtanzania kwenye timu ya Tanzania anarudishwa nyumbani kwenye kamati za hapa. Ndo maana chumba kimoja mkapata majibu mawili.

Sasa sikiliza hapa ndo penye nyama. Ile Dispute Resolution Chamber, yaani chombo cha migogoro cha FIFA, iliyomlipa Mghana imeundwa nusu watu waliopendekezwa na upande wa wachezaji nusu upande wa klabu. Hiyo nusu haikudondoka kama embe, FIFPRO, yaani muungano wa vyama vya wachezaji duniani, waliipigania wakaipata kwenye mapatano na FIFA mwaka 2001, na waliipata kwa sababu Bosman, yule mchezaji Mbelgiji aliyedai haki ya kuhama bure mkataba ukiisha, alishawatia wakubwa adabu mahakamani 1995 na Tume ya Ulaya ilikuwa inawakalia kooni kuhusu mfumo wa uhamisho. Bila ile kesi wangeendelea kuwaita kwenye chai na picha ya pamoja.

Nyingine hii. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili unaiandikia notisi ya siku 15, wasipolipa unavunja mkataba kwa sababu halali. Hiyo nayo FIFPRO walipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya kule Brussels 2015, wakakaa mezani, 2017 wakasaini makubaliano, mwaka uliofuata ikawa kanuni. Wewe ulikaa miezi minne ukiambiwa mpira ni familia, nadhani hujawahi kuisikia hata siku moja.

FIFA inataka vyombo vya ndani vya migogoro navyo viwe nusu kwa nusu na mwenyekiti asiyeegemea upande. Kwa hiyo ukienda kwenye kamati yoyote swali la kwanza usiulize sheria inasemaje, uliza hawa waliokaa mbele yangu kawateua nani. Na usilale, FIFA madai yakivuka miaka miwili hawayagusi, huku nyumbani nako kila chombo kina muda wake.

BekiTatu_Mstaafu

Miezi miwili na siku 15?? Kumbe nilikuwa huru kuanzia mwezi wa tatu. Nimecheza mechi tisa za bure na goti limeenda kwenye ya tisa.

Jangwani Mpaka Kufa

Naunga tela. Ukiongelea haya huwezi kukwepa la Fei Toto, kiungo aliyekuwa Yanga. Desemba 2022 dogo kaweka milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, anasema nimevunja mkataba kwaheri. Kamati ya TFF ikasema bado mchezaji wa Yanga. Karudi kuomba mapitio, kagonga mwamba. Akaanza kuomba watu wamchangie aende CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa. Mimi ni mwananchi damu, yaani Yanga, na nilikuwa upande wa klabu sitaficha, mkataba ni mkataba, ila nakumbuka nilijiuliza hivi huyu dogo hana wenzake? Kwenye mitandao yupo yeye, mama yake na wakili.

Msimbazi Damu

Na yaliishaje mkuu? Juni 2023 Yanga wamealikwa Ikulu baada ya ile fainali ya shirikisho, Rais Samia akawaambia wayamalize na yule kijana. Ndani ya siku chache yuko Azam. Kwa hiyo mchezaji wa Tanzania akiwa na shida na mwajiri ngazi ya rufaa ni Amiri Jeshi Mkuu 😂

Wakili wa Mtaani

Umechekesha ila umegonga ndipo. Fei ana jina na nchi nzima inamjua, ndo maana habari ikafika Ikulu. Beki tatu wetu na milioni nne na laki nane zake atafikaje huko?

Mzee wa Kaunta

Ukiangalia hata bonasi za timu ya taifa siku hizi ni hivyohivyo. Goli la Mama, ile hela ya Rais Samia kwa kila goli, na Kenya kule Ruto kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, aliahidi milioni moja ya kwao kwa kila mchezaji wakishinda. Vizuri, hela ni hela. Ila goli la mama halina mkataba, akiamka vibaya huna pa kumdai.

Babu wa Gazeti

Vijana ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mimi nimesoma haya mambo tangu enzi tunafungia maandazi kwenye magazeti ya michezo.

Uingereza mwaka 1901 walipanga mchezaji asizidi pauni 4 kwa wiki, hata ufunge magoli ya dunia nzima. Aprili 1907 kijana mmoja wa timu ya akiba ya Manchester United, Thomas Blackstock, akapiga mpira kichwa akaanguka, akafa. Familia haikulipwa kitu. Wenzake wakiongozwa na winga Billy Meredith, yule aliyekuwa anacheza anatafuna kijiti cha meno, wakakutana hoteli moja Manchester Desemba mwaka huohuo wakaanzisha chama. 1909 FA, shirikisho la soka la kule, ikatangaza atakayebaki kwenye chama hachezi. Timu nyingi zikanywea. Man United ambao walikuwa wametoka kubeba kombe la FA wakakataa, wakafungiwa, wakawa wanafanya mazoezi wenyewe wakapiga picha na kibao kimeandikwa timu ya waliotengwa. Ligi inakaribia kuanza FA wakalegeza wakakitambua chama. Pauni 4 zenyewe hazikuondoka, ila chama kilibaki hai.

Kutoka hapo mpaka kufuta kikomo cha mshahara ni 1961, zaidi ya miaka 50, mkumbuke hilo mkiona chama cha huku kinayumba. Kikomo kilishafika pauni 20. Jimmy Hill akiwa mwenyekiti wa chama akazunguka kuwakutanisha wachezaji kupigia kura mgomo. Kwenye kikao cha Manchester inasimuliwa kijana mmoja akasimama akasema baba yangu anafanya kazi mgodini anapata chini ya hapa, mimi naona pauni 20 zinatosha. Akainuka Tommy Banks, beki wa Bolton, akamjibu kwamba mwambie baba yako najua mgodi ni mgumu nimeufanya, ila akichimba hakuna watu elfu 30 wanaolipa kiingilio kumtazama akimzuia Stanley Matthews, yule winga hatari. Matthews mwenyewe yumo humo ukumbini! Kura ikapita. Januari 1961 kikomo kikafutwa bila hata siku moja ya mgomo, Johnny Haynes wa Fulham akaanza kuvuta pauni 100.

Na msidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Chama cha Ufaransa, UNFP, kilianzishwa mwaka huohuo 1961 na Mkameruni, Eugène N'Jo Léa, straika wa Saint-Étienne na Lyon aliyekuwa anacheza huku anasoma sheria. Akamvuta Just Fontaine, yule wa magoli 13 Kombe la Dunia 1958, kwa sababu jina kubwa lilihitajika mlangoni. Wakati ule Ufaransa ukisaini umefungwa na klabu mpaka miaka 35, wanakuuza bila kukuuliza. Mkataba wa muda maalum waliupata 1969 baada ya kusukumana sana. FIFPRO nayo ilizaliwa Paris 1965 na hao hao wachache. Kwa hiyo kabla hamjasema sisi waafrika hatuwezi kujipanga, mmoja wa waliochora ramani alitoka Kameruni na alikuwa na vitabu begani.

Mshika Kibendera

Darasa zuri mzee, ila hao walikuwa na watu elfu 30 uwanjani. Sisi hapa?

Katibu wa Timu

Asante @Mshika Kibendera umenitoa kwenye maficho. Mimi ni katibu wa timu, ngazi za chini, sitasema ipi. Mleta uzi unadhani tunapenda kudaiwa? Mechi ya mwisho nyumbani kiingilio buku tatu, tumeuza tiketi hazifiki mia mbili, nimelipa ambulansi, nimelipa uwanja, posho za usalama, maji, jioni nimebaki na elfu kumi na nne, nikawanunulia vijana soda. Mdhamini anatoa jezi hatoi hela. Mwenyekiti kila mwezi anaingia mfukoni mwake. Njoo na chama chako unishtaki, funga usajili, tutashuka daraja, kuna vijana 25 watakosa hata hiyo laki mbili ya mara moja moja.

Na wachezaji nao sio malaika. Anasaini kwangu Jumatatu, Alhamisi kachukua hela ya mtu mwingine.

Wakili wa Mtaani

Katibu nakuheshimu kwa kuja na ukweli wako. Swali moja tu, ulipomsainisha laki saba ulikuwa unajua zipo?

Katibu wa Timu

Nilikuwa natumaini.

Mzee wa Kaunta

Hili neno waliandike kwenye nembo ya ligi.

BekiTatu_Mstaafu

@Katibu wa Timu mimi sina ugomvi na wewe, nimekula sana soda za makatibu kama wewe. Ila angalia, ungeniambia una laki tatu ningechagua, ningesema sawa au ningebaki kwetu nichunge bodaboda ya mjomba. Hukuniambia ukaandika laki saba. Kingekuwepo chombo kinachokutaka uonyeshe hela kabla ya kupewa leseni ya klabu, na mchezaji yumo humo ndani anauliza, wote wawili tungepona.

Mswahili wa Ohio

Wakuu nimekaa siti ya nyuma siku mbili nawasoma, niko Columbus huku, watoto wamelala ngoja nitiririke. Mnauliza kura, ngoja niwaambie nchi ambayo mchezaji ana kura kwa sheria ya bunge.

Marekani wana sheria ya mwaka 1978 ya michezo ya Olimpiki, ilisema shirikisho lolote la mchezo lazima wachezaji wawe asilimia 20 ya wapiga kura na ya bodi. Baada ya ule uchafu wa daktari wa timu kuwadhalilisha kingono wasichana wa jimnastiki bunge likapandisha 2020 ikawa theluthi moja. Sio mstaafu wa miaka ya sabini mwenye kitambi, hapana, uzito uko kwa waliovaa jezi ya taifa ndani ya miaka 10 iliyopita. Wachezaji wenyewe wanachaguana kwenye baraza lao.

Sasa oneni linavyofanya kazi. 2017 Marekani wanafungwa na Trinidad wanakosa Kombe la Dunia, rais wa shirikisho hagombei tena, Februari 2018 uchaguzi Orlando wagombea wanane. Humo kuna wachezaji wa zamani wenye majina, Eric Wynalda, Kyle Martino, Hope Solo, Paul Caligiuri. Mtu ungesema wachezaji watampa mwenzao. Wapi! Baraza likajifungia, likawaita wagombea mmoja mmoja likawahoji, likakesha likibishana, likaamua asilimia 20 yao yote iende sehemu moja, kwa Carlos Cordeiro, mtu wa mabenki aliyekuwa makamu wa rais. Raundi ya tatu kapita. Niliwasikia watu baa wanawatukana wachezaji kwamba wamenunuliwa.

Miaka miwili baadaye Machi 2020 mawakili wa shirikisho wakaandika mahakamani, kwenye ile kesi ya wanawake ya malipo sawa, kwamba kazi ya wanaume inahitaji uwezo mkubwa zaidi. Wanawake wakaingia uwanjani na jezi ya mazoezi wameigeuza ndani nje nembo isionekane. Cordeiro akajiuzulu, akaingia makamu wake Cindy Parlow Cone ambaye aliwahi kuwa straika wa timu hiyo. 2022 Cordeiro akarudi kugombea, kura za mikoani, za ligi za watoto na watu wazima, zilikuwa zinamuelekea, wachezaji wakasimama na Parlow Cone na akapita kwa tofauti ndogo. Mwezi wa tano mwaka huo ukatangazwa mkataba ambao hela za Kombe la Dunia za wanaume na wanawake zinawekwa chungu kimoja wanagawana.

Point yangu, hawakumpa mtu kwa sababu alikuwa mchezaji, na waliyempa alipowaangusha walikuwa na karata ya kumjibu nayo.

Jangwani Mpaka Kufa

Aisee. Na huku kwetu je? Kuna mwenye kujua mkutano mkuu wa TFF ukoje.

Wakili wa Mtaani

Wajumbe wengi ni wa mikoa, halafu klabu za ligi kuu, halafu vyama shiriki: FRAT waamuzi, TAFCA makocha, TASMA madaktari, TWFA mpira wa wanawake, na SPUTANZA ndo wachezaji. Kwa hiyo mlango upo tena umeandikwa kwenye katiba, tusijifanye hatuna. Shughuli ni hesabu. Sauti ya wachezaji inakaa foleni moja na ya waamuzi na madaktari, wakati watu wanalipa kiingilio kuwatazama wachezaji, mzee Banks alishasema.

Na chama chochote duniani nguvu yake ni memba wanaolipa. Mwenyekiti wa chama anayejua nyuma yake kuna wachezaji 400 wenye risiti anaongea tofauti na yule anayejua nauli ya kuja kikaoni kalipiwa na shirikisho.

Mkenya wa Githurai

Wasee nawasoma kutoka upande huu. Sisi tuko na KEFWA, chama cha wachezaji wa Kenya, ni ya wachezaji wenyewe, akina James Situma na Jerry Santo, na iko ndani ya FIFPRO. Kazi mingi yao ni hii hii ya mishahara, kufuata klabu na barua. Pia Desemba 2024 Mariga alichaguliwa makamu wa rais wa FKF, shirikisho letu, huyo ni mtu alibeba Champions League na Inter 2010. Tukasherehekea sana, ati sasa mchezaji ameingia ofisi.

Lakini nauliza tu, mchezaji wa zamani akiingia ofisi bado ni mchezaji ama ni boss?

Babu wa Gazeti

Swali tamu hilo kijana wa Githurai. Hapa kwetu Leodegar Tenga, nahodha wa Stars iliyokwenda AFCON Lagos 1980, aliongoza TFF kuanzia 2004 mpaka 2013, na watu wengi watakubali aliweka nidhamu ya ofisi. Zambia Kalusha, Kameruni Eto'o, UEFA alikuwa Platini. Kila mmoja na hadithi yake, zingine zimeishia kwa kufungiwa na FIFA.

Ila mfano mkubwa ni Luis Rubiales. Huyu alikuwa beki wa Levante, timu haijalipa mishahara akawa kinara wa kuongoza wenzake wadai. Akachaguliwa rais wa chama cha wachezaji Hispania, AFE, 2010, akaongoza mgomo wa 2011 ambao raundi ya kwanza ya La Liga, ligi kuu yao, haikuchezwa. 2018 akawa rais wa shirikisho. Agosti 2023 yuko jukwaani Sydney baada ya fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, anambusu mchezaji Jenni Hermoso mdomoni bila ridhaa yake dunia nzima inaangalia. Mtu wa chama kabisa huyo, sio mtoto wa tajiri!

Na nani alimtoa? Wachezaji 81 walisaini hawachezi. Walipoitwa timu ya taifa kwa lazima Septemba wakakaa na shirikisho na serikali hotelini mpaka alfajiri, wakatoka na makubaliano ya maandishi, katibu mkuu akaondolewa. Rubiales alikuwa ameshajiuzulu.

DadaKiungo

Nilikuwa nasubiri muwafikie wanawake, mmechukua kurasa mbili.

Nacheza bado kwa hiyo nitaongea kwa adabu. 2023 Banyana Banyana, timu ya wanawake ya Afrika Kusini, wana mechi ya kuagana na Botswana kabla ya Kombe la Dunia. Uwanja mbovu na mikataba ya bonasi haijasainiwa. Wakakaa pembeni na chama chao SAFPU. Shirikisho likaokoteza timu ya haraka haraka, ndani yake mtoto wa miaka 13, wakapigwa tano bila. Mwisho taasisi ya familia ya Motsepe ikatoa randi milioni sita mambo yakaisha, wakaenda New Zealand wakaifunga Italia wakaingia 16 bora. Mnaona pattern? Hata pale aliyemaliza ni tajiri kama huku anavyomaliza Rais. Lakini tofauti ni hii, wao walikaa wote 23 na chama mezani, hakuachwa mtu peke yake na mama yake na wakili.

Halafu kwenye Kombe la Dunia lenyewe FIFA ikatenga dola 30,000 kwa kila mchezaji hata ukitoka makundi. Ilitokana na barua ya 2022 ya wachezaji 150 wa timu 25 za taifa kupitia FIFPRO. Barua wakuu.

Na mimba. Tangu Januari 2021 kanuni inasema likizo ya uzazi ya kulipwa wiki 14 angalau, nane baada ya kujifungua. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alikuwa Lyon, akaenda kwao kujifungua mshahara ukakatwa. FIFPRO wakampelekea kesi mahakama ya FIFA, 2022 Lyon ikaamriwa kumlipa euro 82,000 na ushee. Nina rafiki yangu alipata mimba msimu juzi, kiongozi alimwambia "si umechagua kulea". Hakuandika hata meseji. Alirudisha jezi akaenda kwao, sijui kama alijua kuna wiki 14.

Mshika Kibendera

Hilo la mwisho limeniuma. Nakubali kwenye mishahara na uzazi. Ila bado nasema kalenda, mashindano, idadi ya mechi, hayo mchezaji anaingiaje? Hayo ni ya wenye mpira.

Mswahili wa Ohio

Rodri, kiungo wa Man City, alisema Septemba 2024 wachezaji wako karibu kugoma kwa wingi wa mechi, siku chache goti likaenda. Msimu huo huo Kombe la Dunia la klabu likapanuliwa likawa na timu 32, mwezi mzima kuanzia katikati ya mwezi wa sita. FIFPRO Ulaya 2024 walipeleka malalamiko Tume ya Ulaya, na baadhi ya vyama vyao vikaenda mahakamani, kwa sababu wanasema hatukuulizwa. Julai 2025 FIFA ikafanya kikao New York kuhusu saa 72 za kupumzika kati ya mechi, na FIFPRO hawakuwepo. Sasa niambie mwenye mguu ni nani.

Msimbazi Damu

Oktoba 2025 La Liga walipotaka kupeleka mechi ya Villarreal na Barcelona Miami wachezaji wakasimama sekunde 15 mwanzo wa kila mechi, mpira upo katikati hakuna anayegusa. Runinga ikahamisha kamera ikaonyesha uwanja kwa nje. Siku chache mechi ya Miami ikafutwa. Sekunde 15 tu mwanangu, VAR yetu haiwezi hata kupaka mistari.

Mzee wa Kaunta

Huku wakisimama sekunde 15 kocha atadhani ni mbinu mpya.

BekiTatu_Mstaafu

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nilipotea, umeme.

Nimefanya mambo matatu. La kwanza nimemtafuta winga wa Mwanza, yuko anafundisha watoto shule moja huko. Mkataba wake alishautupa. Kipa anao wake ila kurasa mbili zimeliwa na panya, ya sahihi imebaki. Wa kwangu nimeukuta chini ya godoro kwa bi mkubwa, nimeupiga picha pale mlangoni kwenye mwanga kama Mghana, kurasa saba. @Wakili wa Mtaani nimekutumia PM, na nisamehe picha ya tatu kidole kimeingia.

La pili nimewapigia niliocheza nao, wanaocheza bado. Kumi na nne. Tisa wamesema watakuja Jumapili baada ya ndondo tukae pale kwenye miti nyuma ya goli. Watatu wamesema wakionekana watakatwa. Wawili waliuliza kuna posho?

La tatu Mghana mwenyewe. Nimemwandikia baada ya miaka yote hiyo, akanitumia voisi ya dakika nne, Kiswahili chake bado cha kambini, anachanganya "nyinyi" na "sisi". Anasema, ndugu, mlinicheka siku ile lakini mimi nililipa ada kila mwaka hata mwaka sina timu, mama yangu alikuwa ananilipia. Halafu akauliza kama kipa alishaoa.

Katibu wa Timu

Jumapili saa ngapi?

BekiTatu_Mstaafu

@Katibu wa Timu wewe si mwajiri?

Katibu wa Timu

Nimecheza namba sita miaka tisa. Na mimi kuna timu nazidai mbili.

BekiTatu_Mstaafu

Saa kumi na moja na nusu. Njoo na soda.